Mlango wa Darasa la Tano: Shule za Kati za Tanganyika na Hesabu ya Waliofaulu

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka uliotangulia bila kutaja, kama ilivyokuwa desturi ya miaka mingi, shule kumi zilizoongoza na wanafunzi kumi waliowapita wenzao. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi. Si haki kuzishindanisha shule zisizofanana kwa mazingira, na orodha ile ilikuwa ikizitangaza baadhi ya shule kuliko kuwapima wanafunzi. Katika sharika zetu wengine walinung'unika. Shule za makanisa zilikuwa zimezoea kuonekana katika orodha hiyo, na wapo wachungaji waliozoea kuisoma mbele ya washarika kama vile isomwavyo taarifa ya mavuno.

Hatuandiki makala hii ili kuitetea orodha hiyo, wala kuizika. Tunataka kurudi nyuma miaka sabini, kwenye aina ya shule ambayo vijana wetu wa leo hawaijui hata kwa jina, yaani shule ya kati. Wazee waliopita humo bado huitaja kwa fahari, na wengi wao huiita "midili". Historia yake ni fupi, haifiki hata miaka ishirini, lakini ndani yake tunaliona wazi jambo ambalo orodha za leo hulificha: kwamba matokeo ya mtihani huanza kuandikwa mlangoni, siku mtoto anapokubaliwa au kukataliwa, miaka mingi kabla hajaishika karatasi ya mtihani. Na kwa sababu Kanisa letu lilikuwa mmoja wa mabawabu wa mlango huo, historia hii inatuhusu zaidi kuliko tunavyopenda kukiri.

Shule ya kati ilikuwa nini

Hapo kwanza elimu ya Mwafrika katika Tanganyika ilikuwa na ngazi zisizopangika vizuri. Baada ya mkutano wa Serikali na misioni uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1927, shule za misioni zilizotimiza masharti ya Serikali zilianza kupewa ruzuku. Zile nyingine, shule ndogo za katekista chini ya mwembe au ndani ya kanisa la udongo, ziliachwa zijitegemee. Mtoto alisoma madarasa manne ya kwanza kijijini, na wachache sana walisonga mbele kwenda katika shule kuu chache za Serikali au za misioni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ilitunga mpango wa miaka kumi, ikaurekebisha mwaka 1950, na katika marekebisho hayo ndipo ilipozaliwa shule ya kati yenye madarasa manne, kuanzia la Tano hadi la Nane. Nyingine zilikuwa za Serikali, nyingine za Serikali za Wenyeji, yaani zile baraza za machifu zilizokusanya kodi, na nyingi zilikuwa za misioni zikiendeshwa kwa ruzuku. Kwa hiyo hata ile tuliyoiita "shule yetu" ilikuwa kwa sehemu kubwa shule ya umma: mishahara ya walimu na mihtasari ya masomo ilitokana na Serikali, na mtihani wa mwisho ulikuwa wa Serikali. Kilichobaki mkononi mwa misioni kilikuwa kiwanja, mwalimu mkuu, sala za asubuhi, na jambo moja kubwa kuliko hayo yote, yaani sauti katika kuamua ni nani aingie.

Mlango wenyewe ulikuwa mtihani wa Darasa la Nne. Kwa wastani karibu mtoto mmoja kati ya watano ndiye aliyepata nafasi ya Darasa la Tano. Wanne walirudi nyumbani, wengi wao wakiwa na umri wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, na habari yao ya shule ikaishia hapo. Yule mmoja alipewa sanduku la mbao na blanketi, akasindikizwa mpaka bwenini, na kwa miaka minne kijiji kizima kilihesabu habari zake kuwa habari za kijiji. Mwisho wa Darasa la Nane ulikuwepo mlango mwingine, mwembamba kuliko ule wa kwanza, wa kuingia sekondari.

Tuchukue mfano wa kufikiri tu, ili msomaji aone jinsi hesabu inavyoweza kusema kweli na bado ikadanganya. Watoto mia wanafanya mtihani wa Darasa la Nne katika tarafa moja. Ishirini wanaingia shule ya kati. Baada ya miaka minne, kumi na wanane kati yao wanafaulu mtihani wa Darasa la Nane. Mwalimu mkuu anaandika katika taarifa yake kwamba shule imefaulisha asilimia 90, na hakusema uongo. Lakini tarafa yake imefaulisha watoto 18 katika mia, tena bila kuwahesabu wale ambao hawakupata kuingia hata Darasa la Kwanza. Taarifa za shule za kati zilihesabu kuanzia mlangoni kuelekea ndani. Waliobaki nje hawakuwa sehemu ya hesabu.

Mlango ulijengwa wapi

Mtu akitazama ramani ya shule za kati katika miaka ya 1950 ataona kwamba haikutawanywa kwa haki. Sababu zake ni za zamani kuliko shule zenyewe. Wamisionari wa Leipzig waliingia Kilimanjaro mwaka 1893, miaka miwili baada ya Wakatoliki kuanza Kilema. Wamoraviani na watu wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakajenga katika nchi ya Wanyakyusa. Watu wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910. Waliyachagua maeneo hayo kwa sababu za kibinadamu kabisa: hewa ya baridi isiyowaua upesi, watu waliokaa karibu karibu, maji na migomba. Chuo cha walimu cha Marangu kilianza mwaka 1912, na hapo ndipo Kilimanjaro ilipoanza kuwa na kitu ambacho mikoa mingine ilingoja miaka mingi kukipata: mwalimu mwenyeji aliyefundishwa kazi yake.

Kisha ikaja kahawa. Udongo uliowavuta wamisionari ulikuwa ndio uleule uliopenda mbuni. Wahaya walikuwa na kahawa yao tangu zamani. Wachaga waliunda chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaja chama kikuu cha ushirika, KNCU. Bei ya kahawa ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati uleule shule za kati zilipokuwa zikifunguliwa, baba wa Machame au Marangu aliweza kulipa karo ya mtoto wa pili na wa tatu, na baraza lake liliweza kuchangia majengo. Baba wa Kondoa au Lindi mwenye mtama na muhogo hakuweza.

Kwa hiyo matokeo ya Darasa la Nane yalipotangazwa, na majina ya kutoka Kilimanjaro na Bukoba yakawa mengi kupita kiasi, watu walitafuta maelezo katika damu. Wengine walisema kwamba makabila fulani yana akili, na wengine walisema yana ujanja. Sisi tuliolelewa katika sharika za mlimani tulisikia maelezo ya namna ya tatu, ya kichungaji zaidi, kwamba Mungu alikuwa amewabariki wale waliolipokea Neno mapema. Tunakiri kwamba maelezo hayo yalitupendeza. Lakini mtu akiweka juu ya meza ramani ya mvua, ramani ya kahawa, ramani ya misioni na ramani ya shule za kati, ataona kwamba zinafanana sana, na hatakuwa na haja kubwa ya kuzungumzia damu, wala ya kuihusisha baraka ya Mungu na mwinuko wa ardhi.

Hata mtoto mmoja mmoja aliingia kwa bahati kuliko tunavyodhani. Julius Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa karibu miaka kumi na miwili, na mwaka 1937 akaenda Tabora, shule iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa watawala. Alikuwa mmoja kati ya watoto wengi wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Hatujui ni wangapi katika Wazanaki wa rika lake walikuwa na akili kama yake. Hawakupita mlangoni, na kwa hiyo hakuna karatasi inayowataja.

Waliobaki nje

Wa kwanza ni wasichana. Darasa la Kwanza walikuwa wengi kiasi, hasa mlimani, lakini kila darasa lililofuata liliwapunguza. Karo ilipokuwa ya mtoto mmoja tu, ilikwenda kwa mvulana. Bweni lilipokuwa mbali, mama alihitaji mikono nyumbani, na baba aliogopa yatakayompata binti njiani. Misioni zilijenga shule chache za kati za wasichana, na hilo ni jambo jema ambalo halina budi kukumbukwa, lakini katika shule hizo hizo ushoni, upishi na malezi ya watoto vilichukua saa nyingi ambazo wavulana walizitumia kwa hesabu. Halafu wote wakapimwa kwa mtihani mmoja, na watu wakastaajabu kwamba wasichana hawakufanya vizuri.

Wa pili ni watoto wa Kiislamu, na hapa historia imefanya jambo la ajabu ambalo wasomaji wetu wengi hawalifahamu. Wakati wa Wajerumani, shule ya kwanza ya Serikali ilifunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ilifundisha kwa Kiswahili na haikufundisha dini, na wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa pwani. Humo walitoka makarani, wakalimani na maakida waliotumwa bara, na wamisionari ndio waliolalamika wakati huo kwamba Serikali inawapendelea Waislamu. Ilipofika mwaka 1914 shule za Serikali zilikuwa na wanafunzi kama 6,000, na za misioni zilikuwa na zaidi ya 150,000, wengi wao wakiwa katika shule ndogo za kijijini. Baada ya vita Waingereza walikuja na lugha yao na utaratibu wao wa ruzuku. Elimu ya karani wa pwani, aliyesoma Kiswahili na hati ya Kiarabu, ilipoteza thamani yake, na zile shule nyingi za misioni zikawa msingi ambao juu yake ngazi mpya ilijengwa.

Tangu hapo mtoto wa Kiislamu katika wilaya nyingi alikuwa na njia mbili. Aende katika shule ya Serikali, ambazo zilikuwa chache na za mbali, au aingie shule ya misioni. Sheria ilimlinda asilazimishwe kusoma dini isiyo yake. Lakini sheria haikulala bwenini. Wazazi walijua kwamba sala zilikuwa za Kikristo, chakula kilipikwa kwa desturi za Kikristo, mwalimu alikuwa mwinjilisti siku ya Jumapili, na wako watoto walioingia wakiitwa Juma wakatoka wakiitwa Yohana. Wamisionari hawakuficha kwamba walitumaini hivyo. Wazazi wengi walikataa, wakawapeleka watoto wao chuoni kusoma Kurani, na kukataa kwao kukaandikwa katika taarifa kuwa ni kutopenda elimu. Tunaamini kwamba sentensi hiyo, kutopenda elimu, imeliumiza taifa kuliko nyingi zilizoandikwa na watu waliokuwa na nia njema. Kumkataza mwana shule kwa kuogopa asipoteze imani yake ni jambo ambalo baba Mlutheri angelifanya pia.

Tungeweza kuendelea na Wamasai na Wabarbaig, ambao ng'ombe zao hazikungoja kengele ya shule, na watu wa kusini, ambao umbali ulitosha kuwakatisha tamaa. Yatosha kusema kwamba Darasa la Tano halikufanana na wilaya lilimokuwamo.

Habari ya jembe

Inafaa tusimame kidogo katika jambo moja ambalo wazee hulisimulia kwa kicheko. Waliopanga shule za kati mwaka 1950 walitaka ziwe shule za kazi. Kila moja ilipaswa kufuata maisha ya mahali pake: penye kilimo walime, penye mifugo wafuge, wasichana wafundishwe utunzaji wa nyumba. Wazo hilo halikuwa jipya. Tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka nchi zetu mwaka 1924 ilikuwa imelihubiri, na mwaka 1928 Mwingereza Mumford alifungua shule ya Malangali, huko nyanda za juu kusini, ambako wavulana walishika mikuki na wazee wa kienyeji waliletwa kuwafundisha mila. Wazazi hawakuvutiwa. Walisema, kwa maneno mengi au machache, kwamba kulima wanaweza kuwafundisha wenyewe nyumbani bila karo, na kwamba hawajaona mtoto wa Mzungu anayepelekwa shule ili ashike jembe.

Katika shule za kati ikawa vivyo hivyo. Mwalimu mkuu alijua kwamba atapimwa kwa idadi ya wanaoingia sekondari, mwanafunzi alijua, na mzazi alijua. Shamba la shule likageuka kuwa adhabu ya waliochelewa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ule wa kilimo ulikuwa umelegezwa, na masomo ya kitabu yakachukua nafasi yake. Hatuoni kwamba wazazi walikuwa wavivu au wenye majivuno. Walikuwa wameisoma hali yao vizuri. Katika nchi iliyogawa elimu kwa rangi, ikiwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, jembe darasani lilikuwa alama ya mahali ulipopangiwa kukaa. Jembe hilohilo lilirudi mwaka 1967 likiwa na jina la Elimu ya Kujitegemea, safari hii likiletwa na mwalimu ambaye mwenyewe alikuwa amepita Mwisenge na Tabora. Wazazi walimheshimu sana mwalimu huyo, lakini hawakubadili mawazo yao upesi juu ya shamba la shule.

Mlango unabadilishwa

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 nchi ilikuwa na watoto kama 490,000 katika shule za msingi, wengi wao wakiishia Darasa la Nne. Katika sekondari walikuwamo 11,832, na katika Kidato cha Sita 176 tu. Hesabu hizo, ambazo Mwalimu Nyerere alizitaja mwaka 1967, zaonyesha jinsi milango ile miwili ilivyokuwa imefanya kazi yake kwa bidii. Mgawanyo wa rangi ulifutwa kuanzia mwaka 1962. Waziri wa Elimu tangu mwaka huo alikuwa Solomon Eliufoo, Mlutheri kutoka Machame aliyewahi kuwa mwalimu, na chini yake na chini ya waliomfuata shule ya kati iliondolewa taratibu. Badala ya ngazi mbili, nne na nne, pakawekwa shule ya msingi moja ya miaka saba. Darasa la Nane lilianza kufutwa mwaka 1965, na mwisho wa muongo huo lilikuwa limetoweka. Hakuna aliyeifanyia shule ya kati ibada ya maziko. Majengo yake mengi yakawa shule za msingi, mengine sekondari.

Kwa kuondoa ngazi hiyo mlango haukuondoka, ila ulisogezwa kutoka Darasa la Nne hadi la Saba. Mwaka 1967 katika watoto waliomaliza shule ya msingi ni asilimia 13 hivi waliotazamiwa kupata nafasi ya sekondari, na ile hali ya kujiona umeshindwa, ambayo zamani iliwapata watoto wa miaka kumi na mmoja, sasa iliwapata wa miaka kumi na minne.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kuanzia mwaka uliofuata shule za makanisa zilizokuwa zikipokea ruzuku zikawekwa mikononi mwa Serikali. Katika historia zetu za Kanisa tukio hili huelezwa kama kunyang'anywa. Hatubishi kwamba wapo waliolia. Walikuwa wamebeba mawe mgongoni kutoka mtoni, na walimu walikuwa wamefanya kazi kwa mishahara midogo wakiamini kwamba wanalitumikia Kanisa. Lakini tukiisoma habari hiyo tukiwa tumesimama nje ya mlango, pamoja na wale wanne wasio na nafasi na baba wa Juma aliyeogopa, inasomeka vingine. Serikali ilichukua ufunguo. Waislamu wengi waliona kwamba kwa mara ya kwanza shule iliyo karibu nao ilikuwa yao pia. Jambo moja linaweza kuwa hasara kwa mmoja na haki kwa mwingine, na sisi tumeandika sana juu ya hasara.

Katika miaka ya 1970 Serikali ilikwenda mbali zaidi, ikagawa nafasi za sekondari kwa mikoa na kuwatengea wasichana sehemu yao, hata kama alama zao zilikuwa chini ya zile za mvulana wa Kilimanjaro. Mlimani palikuwa na uchungu. Mtoto aliyepata alama nzuri alibaki nyumbani, na mwenziwe wa mkoa mwingine mwenye alama pungufu alikwenda. Uchungu huo ulikuwa wa kweli, nasi hatuudharau, maana mtoto hakuomba kuzaliwa mahali penye shule nyingi. Jibu la mlima lilikuwa ni kujenga. Wazazi, vyama vya ushirika na makanisa walifungua sekondari zao, na ilipofika miaka ya 1980 Kilimanjaro ilikuwa na sekondari za binafsi nyingi kuliko mkoa mwingine wowote. Mgawo uliokusudiwa kuziba pengo ulizibwa wenyewe kwa fedha za kahawa na za watoto waliosoma zamani, yaani na matunda ya shule za kati.

Hesabu isiyoweza kufanyika

Mwaka 1967 ndio ulikuwa wa mwisho kwa sensa ya nchi yetu kuuliza dini na kabila. Tangu hapo, hata katika sensa ya mwaka 2022, swali hilo halikuulizwa. Tunafahamu sababu yake na kwa sehemu kubwa tunaikubali, kwa kuwa taifa changa halikutaka kuhesabu watu wake kwa namna ambayo ingewagawa. Lakini matokeo yake ni kwamba malalamiko ya Waislamu juu ya elimu, ambayo yamesikika kwa nguvu tangu miaka ya 1980, na majibu ya Wakristo, yote yanapepea bila nanga. Mmoja anasoma majina katika orodha ya waliochaguliwa na kuhesabu akina Yohana na akina Juma. Mwingine anamjibu kwamba majina si hesabu. Wote wawili wana sababu. Kinachowezekana bado ni kazi ya mwanahistoria, yaani kurudi kwenye shule moja moja na kuuliza nani aliingia mwaka gani, kutoka wapi, na nani aliacha.

Hapa tunafika kwa Luther, si kwa sababu jarida letu linatazamia atajwe, bali kwa sababu alisema jambo linalotugusa. Alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 juu ya shule, hakuomba shule za Kanisa. Aliomba shule za mji, zilipiwe na mji kama barabara na ngome zilivyolipiwa, na akataka wasichana nao wapate muda wao darasani. Alikuwa ameona nyumba za watawa, ambazo zilikuwa mlango wa elimu kwa karne nyingi, zikifungwa, na hakutaka elimu ifungwe pamoja nazo. Melanchthon, katika maagizo kwa wakaguzi wa sharika ya mwaka 1528, aliwagawa wanafunzi katika mafungu matatu kwa kadiri ya maendeleo yao, fungu la kati likiwa la wale waliokwisha kujua kusoma. Tumeona wahubiri wakilitumia jina la Luther kuzitetea sekondari zetu zenye usaili na ada kubwa. Nadhani wangeisoma tena barua ile kabla ya kupanda mimbarini, kwa maana mwandishi wake alisimama upande wa madiwani.

Tangu mwaka 2016 shule za Serikali hazitozi ada hata katika kidato cha kwanza hadi cha nne, na madarasa yake yamejaa. Shule zetu nyingi zimebaki na mlango wao: usaili, ada, na mara nyingine kumwondoa mwanafunzi dhaifu kabla ya mwaka wa mtihani. Taarifa inaposomwa katika mkutano mkuu wa dayosisi kwamba shule imefaulisha asilimia mia, mjumbe anayo haki ya kuuliza maswali ambayo mwalimu mkuu wa mwaka 1956 hakuulizwa. Walioomba walikuwa wangapi? Walioingia Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi, na kati yao wangapi wamefika Kidato cha Nne? Wangapi wametoka katika nyumba za wakulima wa sharika zetu wenyewe? Majibu ya maswali hayo hayahitaji mtafiti. Yamo katika daftari za shule, kama yalivyokuwamo katika daftari za shule za kati, ambazo nyingi sasa ziko katika masanduku ya ofisi za zamani zikiliwa na mchwa. Katika kurasa zake huwa pana safu ya jina, ya baba, ya mahali atokapo, na mwishoni safu ya maelezo, ambamo neno linaloandikwa mara nyingi ni "ameacha".

Na wale wanne walioachwa nje ya Darasa la Tano hawakupotea wote. Mtu akitafuta habari za wainjilisti waliolea sharika zetu katika miaka ya 1950 na 1960, waliofundisha ubatizo na kipaimara, waliozika na kutembelea wagonjwa mchungaji alipokuwa mbali na baiskeli yake imevunjika, atakuta kwamba wengi wao elimu yao ya shule iliishia Darasa la Nne.